Kupaka Upya Nyumba Ndogo Ili Picha na Vinyago Vionekane Vizuri

Nyumba nyingi za vyumba viwili na sebule jijini Dar es Salaam hupakwa rangi ya maziwa iliyokolezwa manjano kidogo, kwa kuwa mwenye nyumba anaamini kwamba rangi hiyo haitamkimbiza mpangaji yeyote, na fundi anajua kwamba ataipata katika duka lolote la vifaa vya ujenzi. Hakuna anayeilalamikia mpaka siku picha inapotundikwa juu yake. Hapo ndipo mkeka wa ukindu usiotiwa rangi unapopotea ukutani, kinyago cha mpingo kinapogeuka kivuli kitupu, na picha ya Tingatinga, ambayo kwa mchoraji ilikuwa ikivutia macho kutoka mbali, inapoanza kugombana na mapazia, makochi na ukuta wenyewe. Mwongozo huu unamlenga mtu mwenye nyumba ya namna hiyo na kazi chache za sanaa anazozithamini, ambaye anataka kupaka rangi upya kwa gharama ya kawaida, akisaidiwa na fundi mmoja au akifanya kazi kwa mikono yake mwenyewe.

Watu wengi huchagua rangi kwanza, wakapaka, kisha wakaanza kutafuta mahali pa kutundika picha. Utaratibu huo unapaswa kugeuzwa. Amua kwanza kila kazi itakaa kwenye ukuta gani, ndipo uchague rangi itakayoihudumia, kwa maana rangi ya ukuta unaweza kuibadilisha wakati wowote, ilhali picha itabaki vilevile alivyoiacha mchoraji.

Kagua kazi zako kabla ya kukagua kuta

Shusha kila kitu ukutani, ukiegemeze sebuleni mchana wakati taa zimezimwa, kisha jiulize maswali mawili kuhusu kila kazi: je, uso wake unang'aa, na je, kingo zake ni nyepesi au ni nzito? Majibu ya maswali hayo yana uzito kuliko mada ya picha au rangi unayoipenda.

Nianze na Tingatinga, kwa kuwa ndiyo inayosumbua zaidi. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vibao vya hadibodi na rangi ya mafuta inayong'aa, ile iliyokuwa ikipakwa baiskeli, na waliomfuata, ambao makao yao yanajulikana hadi leo pale Morogoro Stores, Oysterbay, wameendelea na rangi hiyo hata walipohamia kwenye kitambaa. Kwa mwenye nyumba hilo lina matokeo mawili. Kwanza, uso wa picha hurudisha taswira ya dirisha au balbu iliyo mbele yake, hivyo picha nzuri ikitundikwa mahali pabaya huonyesha nondo za dirisha badala ya twiga. Pili, rangi zake ni safi na kali, hazikuzimuliwa kwa kijivu, kwa hiyo ukuta wenye rangi nyingine safi, iwe manjano, waridi au kijani cha majani machanga, utashindana nazo na pande zote mbili zitapoteza. Picha hizi zinahitaji ukuta ulio mpole na usiong'aa hata kidogo.

Vinyago vya Wamakonde vina tatizo la upande wa pili. Mtu anaponunua kinyago cha mpingo pale Mwenge hufikiri moja kwa moja kwamba mti mweusi utapendeza mbele ya ukuta mweupe, na kwa baadhi ya vinyago yuko sahihi. Kinyago cha mtindo wa shetani, chenye mikono iliyopinda, matundu na viungo visivyo na mpangilio, hutegemea sana umbo lake la nje, na umbo la nje huonekana vizuri mbele ya weupe. Kinyago cha mtindo wa ujamaa, ambacho watu wengi wamebebana kulizunguka gogo moja, ni jambo tofauti, kwa sababu uzuri wake umo ndani: nyuso, vidole, migongo iliyoinama. Jicho linapokabili ukuta mweupe wenye mwanga mwingi hujirekebisha kwa ajili ya mwanga huo, na ndani ya weusi wa mpingo halioni tena chochote isipokuwa gogo. Mbele ya ukuta wa rangi ya wastani, kama mchanga uliolowa au udongo wa kijivu, jicho hupumzika na nyuso hizo hujitokeza. Ukuta mweusi au wa bluu nzito nao haufai, kwa kuwa utameza kila kitu.

Batiki na kanga zilizowekewa fremu hazing'ai, isipokuwa kama zimewekewa kioo, na hukubali karibu ukuta wowote, lakini rangi za nguo hufifia kwa mwanga wa jua na hakuna ujuzi wa kupaka ukuta utakaozuia hilo. Picha za kamera za weusi na weupe zinapendeza mbele ya kijivu na mbele ya rangi nzito. Mkeka wa ukindu wa rangi ya asili unataka ukuta ulio mbali na rangi yake: bluu iliyozimwa, kijani kizito cha majani ya mwembe, hata damu ya mzee ikiwa chumba kinaweza kuibeba.

Jua linaingia wapi

Ushauri mwingi unaopatikana kuhusu rangi za vyumba umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambako chumba chenye dirisha la kusini hupata jua la kutosha na chenye dirisha la kaskazini hubaki na mwanga wa ubaridi mwaka mzima. Ushauri huo ukichukuliwa kama ulivyo utakupotosha. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua la saa sita mchana hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Kuanzia Machi hadi Oktoba jua la mchana liko upande wa kaskazini, na miezi inayobaki liko kusini, lakini nyakati zote huwa juu kiasi kwamba upenu wa kawaida wa paa hulizuia kwa sehemu kubwa. Madirisha yanayohitaji kuogopwa ni ya mashariki na magharibi, ambayo hupokea jua la chini, linaloingia ndani kabisa ya chumba, miezi yote kumi na miwili. Dirisha la magharibi ni baya zaidi, kwa sababu jua lake huja wakati ukuta umekwisha kupata joto la mchana kutwa. Ukuta unaopigwa na jua hilo usiupe batiki, kanga, wala picha yoyote ya karatasi.

Katika chumba chenye dirisha moja, ukuta bora kwa picha huwa ni ule ulio ubavuni mwa dirisha, kwa kuwa mwanga huupitia kwa pembeni bila kurudi machoni. Ukuta unaotazamana na dirisha unapata mwanga mwingi, ila ndiko picha zinazong'aa na zenye kioo hugeuka vioo vya kujitazamia. Ukuta wenye dirisha lenyewe ndio dhaifu kuliko wote, maana mtazamaji anakuwa ameelekea mwanga. Kuna njia rahisi ya kupima kabla ya kutoboa ukuta: mpe mtu kioo cha kujitazamia, akishike pale picha inapotarajiwa kukaa, nawe ukae kwenye kiti unachokalia siku zote. Chochote chenye mwanga utakachokiona ndani ya kioo hicho, liwe dirisha, taa au televisheni, ndicho utakachokiona juu ya picha. Sogeza kioo mpaka uone sehemu tupu ya ukuta au dari, kisha weka alama.

Angalia pia mwanga unaofika ukutani baada ya kugonga kitu kingine. Sakafu iliyopakwa rangi nyekundu hurusha wekundu hadi nusu ya ukuta, vigae vyeupe vinavyong'aa hurusha mwanga mkali kutoka chini, na bati la bluu la jirani linaweza kuufanya ukuta mweupe uonekane wa samawati kila alasiri. Hayo ni mambo ambayo kadi ya rangi dukani haiwezi kukuonyesha.

Kuchagua rangi yenyewe

Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, alieleza mwaka 1839 kwa nini wafumaji walilalamika kwamba nyuzi zao nyeusi hazikuwa nyeusi ya kutosha. Nyuzi hazikuwa na kasoro. Rangi zilizofumwa kando yake ndizo zilizobadilisha namna jicho lilivyoziona. Kila rangi huisukuma jirani yake iende mbali nayo. Ndiyo maana ukuta wa maziwa yenye manjano huipunguzia picha manjano yake, mchanga wa jangwani ukapooza na manyoya ya simba yakawa kama vumbi, na ndiyo maana ukuta wa kijani hufanya nyekundu iliyo juu yake iwake kupita alivyokusudia mchoraji.

Kwa nyumba ndogo napendekeza rangi moja kuu ipite sebuleni na katika vyumba vyote viwili: nyeupe iliyovunjwa kwa kijivu kidogo na udongo kidogo, isiyoegemea manjano wala waridi. Kadi za rangi za makampuni mengi huonyesha namba ya kiasi cha mwanga unaorudishwa na rangi, kuanzia 0 kwa weusi kamili hadi 100 kwa weupe kamili. Rangi kuu iwe kati ya 70 na 80. Nyeupe tupu, ambayo huvuka 85, huonekana safi dukani, lakini chini ya jua la pwani huumiza macho na hufanya picha ziwe nzito na ndogo. Kwa ukuta mmoja au pembe ya vinyago, shuka hadi kati ya 40 na 55, ukitumia rangi ya familia ileile, yaani udongo uleule uliokolezwa zaidi, ili nyumba isionekane kama imeunganishwa kwa vipande vya mabaki.

Wazo la kutumia ukuta mweupe kuonyesha vitu vya thamani halikuletwa pwani na makumbusho ya Wazungu. Katika nyumba za mawe za Lamu, vyumba ni virefu na vyembamba, mwanga unatoka uani, na kuta zimepigwa lipu ya chokaa nyeupe iliyochongwa vidaka vingi, ambamo bakuli na sahani za kauri kutoka Uchina ziliwekwa. Kauri ile ilipata mwanga kutoka kila upande wa kidaka kwa sababu chokaa haing'ai bali husambaza mwanga. Mtu anayekarabati nyumba yake mwenyewe na ana kinyago kidogo au chungu cha kuonyesha anaweza kuiga hilo kwa kujenga kidaka kimoja tu, na kukipaka ndani rangi nyepesi kuliko ukuta. Vidaka vitano vya jipsamu vyenye taa za rangi, kama vile vinavyoonekana katika kumbi za harusi, ni jambo jingine ambalo sitalijadili hapa.

Korido ni mahali pa kuthubutu. Watu hupaka korido nyeupe kwa matumaini ya kuiongezea mwanga, lakini korido isiyo na dirisha haina mwanga wa kurudisha, na weupe wake huishia kuwa kijivu cha huzuni. Ipake rangi nzito, chini ya 20 kwa kipimo kile, pamoja na fremu za milango, kisha utundike humo picha za kamera au michoro ya karatasi ambayo hata hivyo haipaswi kukaa juani, na uweke taa ndogo juu yake. Sebuleni, kinyume chake, sishauri ukuta mmoja wa rangi kali nyuma ya televisheni, mtindo ambao umeenea sana. Ukuta huo huvuta macho kwake, na picha zilizo kwenye kuta nyingine hugeuka mapambo ya ziada.

Rangi iwe isiyong'aa, ile ambayo wauzaji huiita mati. Najua pingamizi litakalotolewa, nalo ni la haki: mati hushika alama za mikono, na silki hufutika kwa kitambaa chenye maji. Lakini silki huonyesha kila mkwaruzo wa mwiko chini ya mwanga wa taa ya picha, na huongeza mng'ao juu ya mng'ao kwa mwenye Tingatinga. Kama kuna watoto wadogo, tafuta mati ya aina inayovumilia kuoshwa, ambayo ni ghali kidogo, au tumia silki ya rangi ileile jikoni na kwenye korido peke yake. Dari iwe mati pia, na iwe nyeupe.

Kabla ya kununua ndoo nzima, nunua kopo dogo na upake mikono miwili juu ya kipande cha hadibodi au manila cha ukubwa wa sentimita 60 kwa 60. Usipake ukutani, kwa kuwa rangi ya zamani inayozunguka jaribio hilo itakudanganya. Kisimamishe kipande hicho nyuma ya picha yenyewe, mahali itakapokaa, ukitazame asubuhi, adhuhuri, saa kumi na moja jioni, na usiku taa zikiwa zimewashwa. Mpangaji azungumze na mwenye nyumba kabla ya hatua hii, na makubaliano kuhusu nani atarudisha rangi ya awali yaandikwe.

Kuandaa ukuta

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika, na ndipo fundi anapotamani kupita haraka. Ukuta uliotundikwa picha chini ya taa huonyesha makosa ambayo ukuta mtupu huyaficha. Usiku, zima taa zote, washa tochi na uiegemeze ubavuni mwa ukuta ili mwanga uteleze juu yake. Mabonde, vinundu na nyufa zote zitatokea kwa vivuli vyake. Zungushia alama kwa penseli, ziba kwa pati ya kuskimu, acha ikauke, kisha piga msasa laini, ukirudia tochi mpaka vivuli vipungue.

Nyumba za karibu na bahari mara nyingi huwa na chumvi inayochanua chini ya ukuta kama unga mweupe. Ikwangue kwa brashi kavu, usiioshe kwa maji, kwa sababu maji huirudisha ndani ya lipu nayo itachanua tena. Tafuta chanzo cha unyevu, ambacho huwa ni bomba linalovuja, mfereji wa paa ulioziba au udongo wa nje uliopanda juu ya msingi, na usipake chochote mpaka ukuta ukauke. Kuvu jeusi huoshwa kwa dawa ya klorini ya kufulia iliyozimuliwa, sehemu moja ya dawa kwa tatu za maji, madirisha yakiwa wazi na mikono ikiwa na glavu. Dawa hiyo isichanganywe kamwe na sabuni nyingine za kusafishia choo. Lipu mpya iachwe takriban wiki nne kabla ya kupakwa, kisha ianze na praima inayostahimili ukali wa saruji.

Nyumba za zamani nyingi zina mkanda wa rangi ya mafuta kuanzia sakafuni hadi kiunoni, na rangi ya maji au chokaa juu yake. Mkanda huo ulikuwa na sababu shuleni na zahanati, ambako kuta zilipaswa kuoshwa, lakini nyumbani hukata ukuta katikati na kila picha hulazimika kupatana na mstari wake. Uondoe. Rangi ya maji ikipakwa moja kwa moja juu ya rangi ya mafuta itabanduka kama ngozi ya kitunguu baada ya masika moja, hivyo osha kwanza kwa maji ya sabuni, suuza, piga msasa mpaka mng'ao wote uishe, kisha paka praima inayoshika juu ya mafuta. Rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Lowesha ukuta na utumie msasa wa maji ili vumbi lisiruke, vaa barakoa, na watoto wasiwepo ndani wakati wa kazi hiyo. Juu ya chokaa ya zamani inayoacha unga mkononi, kwangua yote inayokubali kutoka na upake praima ya kuushikisha unga uliobaki.

Kiasi cha rangi na upakaji

Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja juu ya ukuta laini, na hupungua juu ya lipu inayonyonya. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.7: mzunguko wake ni mita 13, kuta zote ni mita za mraba 35, na ukiondoa mlango mmoja na dirisha moja zinabaki kama 31. Mikono miwili ni mita za mraba 62, yaani lita 6 na ushei. Makopo mawili ya lita 4 yanatosha na kubakiza ya akiba, kopo moja halitoshi. Kama nyumba nzima inapata rangi moja, ndoo ya lita 20 huwa nafuu zaidi.

Agiza rangi ichanganywe kwa mashine na uhifadhi namba yake ya mchanganyiko. Fundi anayekoleza kwa macho ndani ya ndoo anaweza kupata rangi nzuri sana, lakini hataipata tena mwakani utakapohitaji kuziba tundu la msumari, na kwa mtu anayetundika picha tundu la msumari ni jambo la kila mara. Makopo yakiwa zaidi ya moja, yamimine yote katika ndoo moja kubwa, ukoroge, ndipo uanze. Maji ya kuzimulia yafuate maelezo ya kopo. Rangi iliyozimuliwa mno inahitaji mikono minne badala ya miwili, na akiba iliyodhaniwa kupatikana inapotea kwenye malipo ya fundi.

Kipindi kizuri Dar es Salaam ni Juni hadi Septemba, hewa inapokuwa kavu kidogo. Wakati wa masika rangi hukawia kukauka na kuvu hupata nafasi. Anza na dari, fuata kuta, malizia milango na fremu. Chora kingo kwa brashi kwanza, kisha ujaze kwa rola kabla kingo hazijakauka, ukipeleka rola juu na chini na kumaliza ukuta mzima bila kupumzika katikati, kwa maana mahali uliposimama pataonekana chini ya taa. Acha saa nne au zaidi kati ya mkono wa kwanza na wa pili.

Rangi inayoonekana kavu bado ni laini ndani. Picha ikiegemezwa mapema hunata, na ukiitoa hung'oa rangi ya ukuta au hubakiza rangi hiyo nyuma ya fremu. Ngoja wiki mbili.

Taa na kutundika

Balbu inayouzwa zaidi madukani ni ya mwanga mweupe wa samawati, kelvini 6500, na ndiyo inayoharibu kazi yote iliyotangulia: udongo unakuwa kijivu, nyekundu inakuwa zambarau, mpingo unakuwa kama plastiki. Badilisha kuwa kati ya 2700 na 4000, na kama kifungashio kinaonyesha kipimo cha uhalisia wa rangi, chagua 90 au zaidi. Fanya hivyo kabla ya kuchagua rangi ya ukuta, si baada. Taa ya kuelekeza kwenye picha iwekwe ili mwanga wake ushuke kwa nyuzi kama 30 kutoka mstari wima; kwa dari ya mita 2.7 na picha ambayo katikati yake iko mita 1.5 kutoka sakafuni, taa inakuwa sentimita 70 hivi kutoka ukutani. Kwa kinyago cha mpingo ongeza taa ya ubavuni, kwa kuwa vivuli ndivyo vinavyochora nyuso.

Makumbusho mengi huweka katikati ya picha kati ya sentimita 145 na 155 kutoka sakafuni, kimo cha macho ya mtu aliyesimama. Kipimo hicho kinafaa koridoni. Sebuleni, ambako watu hukaa, shusha kwa sentimita kumi hivi, na juu ya kochi acha nafasi ya sentimita 15 hadi 25 tu, la sivyo picha itaonekana inaelea. Picha kadhaa ndogo zipangwe kama kitu kimoja: kata karatasi za ukubwa wa kila picha, zibandike ukutani kwa tepu ya karatasi, uzisogeze mpaka uridhike, ndipo utoboe. Usijaribu kutundika kila ulicho nacho. Zinazobaki zihifadhiwe wima, zikiwa zimefunikwa kwa kitambaa cha pamba na zimeinuliwa kutoka sakafuni. Mfuko wa plastiki chini ya kitanda hukusanya unyevu na kuvu.

Ukuta wa tofali la saruji haupendi msumari wa kugongwa, ambao huvunja lipu na kuacha shimo la ukubwa wa sarafu. Tumia drili yenye biti ya zege ya milimita 6, plagi ya plastiki na skrubu, ukikagua kwanza kwamba hakuna waya unaopanda juu ya swichi au soketi. Nyuma ya kila fremu, kwenye pembe za chini, gundisha vipande vidogo vya kizibo au mpira ili hewa ipite. Hadibodi hunyonya unyevu wa ukuta na kujikunja, hasa ukuta wa nje wakati wa masika. Mwenye kupenda kubadilisha picha mara kwa mara afunge reli nyembamba ya aluminiamu chini kidogo ya dari na kuning'iniza picha kwa waya, naye hatatoboa tena.

Asiye na reli ahifadhi nusu lita ya rangi katika chupa ya kioo iliyojazwa hadi juu na kufungwa vizuri, yenye karatasi iliyoandikwa namba ya mchanganyiko, jina la chumba na tarehe. Tundu la zamani huzibwa kwa pati, hupigwa msasa, kisha hudonolewa rangi kwa sponji badala ya brashi, ili mguso ufanane na wa rola. Ukuta ukishapita miaka miwili au mitatu kiraka hicho kitaonekana hata kama rangi ni ileile, na hapo ni afadhali kupaka ukuta mzima kutoka pembe hadi pembe.